Wajibu wa Kupokea: Serikali za Ushoroba wa Kaskazini na Hati za Kielektroniki za Shehena

Utangulizi

Lori linalotoka bandari ya Mombasa kwenda Kampala husafiri takribani kilomita 1,170. Kabla halijavuka lango la bandari, mamlaka ya mapato ya Uganda huwa imekwisha kupokea tamko la forodha la shehena hiyo na kodi imekwisha kulipwa. Na pale shehena inapotakiwa kufuatiliwa, kasha huwa limefungwa lakiri ya kielektroniki inayotuma taarifa za mahali lilipo. Hata hivyo, kando ya kiti cha dereva haikosekani bahasha yenye karatasi zilizogongwa mihuri. Sehemu kubwa ya yaliyoandikwa katika karatasi hizo tayari imo katika mifumo ya serikali ambazo maafisa wake watazidai njiani.

Makala haya yanaeleza kwa nini bahasha hiyo ingalipo. Jibu lililozoeleka ni kwamba teknolojia haijakomaa: mtandao ni hafifu mipakani, mifumo haisomani, vifaa ni vichache. Sababu hizo ni za kweli, lakini hazitoshi kueleza jambo lenyewe. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba serikali za ushoroba zimejiruhusu kutumia hati za kielektroniki bila kujilazimisha kuzipokea. Tofauti kati ya kuruhusu na kulazimisha ndiyo inayoamua dereva atabeba nini. Vituo kumi vya njiani vikiridhika na kumbukumbu iliyo katika mfumo, na cha kumi na moja kikadai karatasi, karatasi itachapishwa Mombasa na kusafiri njia nzima.

Tamko moja kwa safari nzima

Jitihada za kupunguza hati katika njia hii hazikuanza na kompyuta. Mkataba wa Ushoroba wa Kaskazini ulitiwa saini mwaka 1985, na miongoni mwa matunda yake ya awali ni tamko la pamoja la forodha kwa shehena za mpito zinazosafiri kwa barabara. Lilikuwa karatasi, lakini wazo lake ni lile lile linalowashughulisha wataalamu hadi leo: taarifa iandikwe mara moja, isomwe na wote.

Wazo hilo lilichelewa kutimia. Hata baada ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 kuanza kutumika, bidhaa za Uganda ziliendelea kutamkwa Mombasa kama bidhaa za mpito, zikawekewa dhamana ili zisiuzwe njiani bila kodi, kisha zikatamkwa upya mpakani zilipofika Malaba au Busia. Matamko yalikuwa mawili, mawakala wawili, na baina yao lori limeegeshwa. Himaya Moja ya Forodha, iliyoamuliwa na wakuu wa nchi mwaka 2013 na kuanza kutekelezwa mwaka uliofuata, iligeuza mpangilio huo. Tamko hufanywa katika nchi ya mwisho wa safari. Kodi hulipwa huko. Kibali cha kutoa mzigo hutumwa bandarini kwa njia ya kielektroniki. Na maafisa wa nchi zinazopokea bidhaa walipelekwa kukaa Mombasa na Dar es Salaam. Mpaka ulibaki kuwa mahali pa kuthibitisha, si pa kuanza upya.

Mwaka 2017 Kenya, Uganda na Rwanda ziliunganisha ufuatiliaji wa shehena kwa mfumo mmoja wa lakiri za kielektroniki. Kabla ya hapo lori lilikuwa likibadilishiwa lakiri kadiri lilivyoingia nchi nyingine. Sasa lakiri moja husomwa katika vituo vya Nairobi, Kampala na Kigali, na lori likiacha njia au lakiri ikifunguliwa, ishara huonekana papo hapo. Taarifa za serikali husika za wakati huo zilieleza kwamba, kutokana na mageuzi haya, safari ya shehena kutoka Mombasa hadi Kampala ilipungua kutoka siku 18 hadi 4, na ya kwenda Kigali kutoka siku 21 hadi 6. Takwimu za aina hii hutolewa na wenye hamu ya kuonesha mafanikio, na siku za msongamano mara nyingi huachwa nje ya hesabu. Hata zikipunguzwa kwa nusu, bado ni badiliko kubwa.

Lililo muhimu ni kutambua ni hati ipi iliyofanikiwa. Ni ile ambayo mwenye kuidai, mwenye kuisoma na mwenye kufaidika nayo ni mmoja, yaani mtoza ushuru. Mamlaka za mapato zilikuwa na sababu ya kuaminiana, kwa kuwa kila moja ilikuwa ikipoteza kodi kwa bidhaa zilizopotelea njiani. Hati nyingine hazikubahatika kupata mlezi wa namna hiyo.

Afisa na muhuri wake

Baada ya lango la bandari, dereva hukutana na watu wengi wasio wa forodha. Yupo polisi wa barabarani. Yupo mpimaji wa mizani ya Mariakani au Gilgil, na kwa njia ya Dar es Salaam ile ya Vigwaza. Wapo wakaguzi wa viwango, wa mimea na wa chakula. Yupo mlinzi wa bohari anayetaka kujua kama kasha lililo mbele yake ndilo lililotarajiwa. Wengi wao hawana njia ya kuingia katika mfumo wa forodha, na hata mwenye njia hiyo huona sehemu tu ya kumbukumbu. Kwao hati ni ile inayoshikika.

Ni rahisi kuhitimisha kwamba karatasi inang'ang'aniwa kwa sababu ya rushwa, kwamba kila karatasi ni nafasi ya kuomba kitu kidogo. Hilo lipo, lakini halielezi mwenendo wa afisa mwaminifu, naye pia hudai karatasi. Afisa huyo anajua kwamba miaka miwili baadaye mkaguzi wa hesabu anaweza kumuuliza kwa nini aliruhusu lori fulani lipite. Karatasi yenye saini na muhuri katika jalada lake ni ngao. Kumbukumbu aliyoiona kwenye skrini, isiyoacha alama kwamba yeye ndiye aliyeiona, saa ngapi, na ilikuwa inasema nini wakati huo, haimkingi hata kidogo. Mifumo mingi imeundwa kumthibitisha mwenye kutuma hati. Michache inamthibitisha mwenye kuipokea. Afisa anayeachwa bila uthibitisho huo atajitengenezea wa kwake, na wa kwake ni karatasi.

Sheria nazo zimemwacha hapo. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ina sehemu nzima inayohusu matumizi ya teknolojia ya habari. Inaeleza kwamba taratibu za forodha zinaweza kutekelezwa kwa kutumia teknolojia hiyo. Msomaji wa lugha atasita kwenye kitenzi: "zinaweza". Sheria hiyo hiyo humpa afisa mamlaka ya kutaka kuoneshwa hati zinazohusu bidhaa. Vifungu hivyo vikisomwa pamoja, mfanyabiashara ana ruhusa ya kutuma kwa kompyuta na afisa ana haki ya kuomba karatasi, wala hakuna aliyevunja sheria. Tena sheria hiyo ni ya forodha. Mizani inatawaliwa na Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya mwaka 2016, vituo vya huduma za pamoja mpakani vina sheria yao ya mwaka huo huo, na polisi wa kila nchi wana sheria zao za barabara. Kenya ilipiga hatua mwaka 2022 kwa kutunga sheria ya mfumo wa kitaifa wa dirisha moja la kielektroniki. Ni hatua ya kupongezwa, lakini sheria ya bunge la Nairobi haiwezi kumwamuru afisa aliyeketi upande wa Uganda wa daraja la Malaba.

Malaba na Namanga, 2020

Mwaka 2020 ushoroba ulipata jaribio ambalo hakuna aliyelipanga. UVIKO-19 ilipoingia, mpaka ulifungwa kwa abiria lakini ukaachwa wazi kwa shehena, kwa sharti kwamba madereva wapimwe. Uganda ilipoanza kupima mpakani na kuwazuia madereva hadi majibu yatoke, foleni ya malori ilirefuka kwa makumi ya kilomita upande wa Kenya. Mwezi Mei, madereva walikwama Namanga, kati ya Kenya na Tanzania, kwa kuwa majibu ya maabara ya upande mmoja hayakuaminiwa upande wa pili. Cheti kilikuwepo na karatasi ilikuwa halisi. Kilichokosekana ni mtu mwenye wajibu wa kukiamini.

Suluhisho lililopatikana baadaye mwaka huo lilikuwa mfumo wa Jumuiya wa kufuatilia shehena na madereva kwa kielektroniki. Dereva alipimwa katika maabara iliyotambuliwa. Majibu yakaingizwa na wizara ya afya. Programu iliyo kwenye simu yake ikaonesha hali yake, na afisa wa nchi nyingine akaisoma bila kuhitaji cheti cha karatasi. Wengi wamelisimulia jambo hili kama ushindi wa simu ya mkononi. Ukilitazama kwa makini, simu ilikuwa sehemu nyepesi zaidi. Sehemu nzito ilikuwa makubaliano ya mawaziri kwamba majibu yaliyotoka katika maabara za orodha fulani yatatambuliwa na nchi zote zilizoingia. Makubaliano hayo yangeandikwa hata kwa mkono, yangefupisha foleni kwa kiasi fulani; programu bila makubaliano isingefupisha chochote.

Ulaya ilivyogundua kosa lile lile

Mfano wa Ulaya unafaa kutajwa kwa sababu uliufikia ukweli huu kwa njia ndefu. Usafirishaji wa bidhaa kwa barabara baina ya nchi za huko hutawaliwa na mkataba uliotiwa saini Geneva mwaka 1956. Mwaka 2008 uliongezewa itifaki iliyoruhusu hati ya usafirishaji kuwa ya kielektroniki, nayo ikaanza kutumika mwaka 2011. Kati ya mwenye mzigo na mwenye lori, basi, jambo lilikwisha. Lakini itifaki hiyo ilihusu mkataba wao. Haikumlazimisha polisi wa barabarani wa nchi yoyote kuikubali. Msafirishaji aliyetumia hati ya kielektroniki alilazimika kubeba na karatasi kwa ajili ya ukaguzi, na akapata gharama mbili badala ya moja. Mwaka 2018 Kamisheni ya Ulaya ilieleza kwamba asilimia 99 ya safari za shehena zinazovuka mipaka ndani ya Umoja huo bado zilihitaji karatasi mahali fulani njiani.

Kanuni namba 2020/1056, iliyopitishwa Julai 2020, iligeuza upande wa wajibu. Haiwalazimishi wafanyabiashara kuacha karatasi. Inazilazimisha mamlaka: mfanyabiashara akiamua kutoa taarifa zinazotakiwa na sheria kupitia jukwaa lililothibitishwa, mamlaka husika sharti izipokee, kuanzia tarehe 9 Julai 2027. Miaka saba kati ya kanuni na utekelezaji imetumika kukubaliana juu ya orodha moja ya vipengele vya taarifa, kuthibitisha majukwaa, na kuunda njia ambayo afisa wa barabarani ataisoma taarifa bila kuona siri za kibiashara zisizomhusu. Urefu wa muda huo unapaswa kuwatahadharisha wanaoahidi kumaliza kazi kama hii katika mwaka mmoja wa bajeti.

Si lazima Afrika Mashariki iige kila kitu. Majukwaa mengi ya kibinafsi yaliyothibitishwa yanafaa soko lenye kampuni nyingi kubwa za usafirishaji. Katika ushoroba, ambako mmiliki wa malori mawili au matatu ni mtu wa kawaida, dirisha la serikali lisilo na ada kubwa lina faida zaidi. Kinachofaa kuigwa ni mwelekeo wa sentensi: mtenda wa kitenzi "sharti" ni serikali.

Hati yenye mali ndani yake

Ipo hati moja ambayo hata amri ya kupokea haitoshi kuigeuza, nayo ni hati ya shehena ya baharini. Hati hii hufanya kazi tatu kwa pamoja: ni stakabadhi kwamba mwenye meli amepokea mzigo, ni ushahidi wa mkataba wa kuusafirisha, na ni hati ya umiliki. Kazi ya tatu ndiyo yenye ugumu. Anayeishika hati halisi ndiye mwenye haki ya kudai mzigo; kwa hiyo mzigo unaweza kuuzwa ungali baharini, na benki iliyomkopesha mwagizaji wa Kampala huishikilia hati kama rehani hadi alipwe. Kwa desturi hutolewa nakala halisi tatu. Zikichelewa kati ya benki na benki, kasha hufika Mombasa kabla ya karatasi yake, na gharama za kuhifadhi huanza kuhesabiwa. Wafanyabiashara wamezoea kukwepa kwa kusalimisha hati halisi katika bandari ya kupakia na kumwomba mwenye meli atume idhini ya kuachia mzigo. Njia hiyo huokoa siku, ila mwuzaji huachia dhamana yake, na benki haina tena cha kushika.

Faili la kompyuta hunakiliwa mara elfu bila kupungua. Hivyo swali la sheria haliwi kama saini ni ya kweli, bali ni nani anayeishika ile moja. Tume ya Umoja wa Mataifa ya Sheria ya Biashara ya Kimataifa ilijibu mwaka 2017 kwa sheria ya mfano kuhusu hati za kielektroniki zinazohamishika: kumbukumbu itambulike kuwa ndiyo ile moja, iwe chini ya udhibiti wa mtu mmoja kwa wakati, na isibadilike bila kuonekana. Bahrain ilikuwa ya kwanza kuifuata mwaka 2018, Singapore ikafuata mwaka 2021. Uingereza ilitunga sheria ya namna hiyo iliyoanza kutumika Septemba 2023, na uzito wake unazidi mipaka ya nchi hiyo, kwa kuwa mikataba mingi ya meli na ya mikopo ya biashara duniani huchagua sheria ya Kiingereza.

Afrika Mashariki ilikuwa na mlango ulioachwa wazi mapema zaidi. Kanuni za Hamburg za mwaka 1978, ambazo Kenya, Uganda, Tanzania na Burundi zilijiunga nazo, zinasema saini ya hati ya shehena inaweza kuwekwa hata kwa njia ya kielektroniki, mradi hilo lisipingane na sheria ya nchi inakotolewa hati. Sharti hilo la mwisho liliupeleka mzigo kwa mabunge ya nchi. Kenya ilipotambua kumbukumbu na saini za kielektroniki kwa marekebisho ya Sheria ya Habari na Mawasiliano, iliacha nje wosia, hati za fedha zinazohamishika na hati za umiliki. Sababu ilikuwa hadhari inayoeleweka, maana wakati huo hakukuwa na jibu la kimataifa kwa swali la "ile moja". Jibu limepatikana tangu mwaka 2017. Mshauri wa sera anayetafuta badiliko dogo lenye faida kubwa angeanza na vighairi vya aina hii katika sheria za nchi zake kabla ya kupendekeza mfumo mwingine wa kompyuta.

Kutoka Mpondwe hadi Kasindi

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliingia katika Jumuiya mwaka 2022, na ushoroba ukapata mpaka wa lugha ndani yake. Hadi Mpondwe hati ni za Kiingereza. Ukivuka kwenda Kasindi ni za Kifaransa, pamoja na karatasi ya kielektroniki ya taarifa za uingizaji ambayo Kongo huitaka kabla mzigo haujafika. Hapa hati ya kielektroniki ina faida ambayo haizungumzwi vya kutosha. Namba ya ushuru ya bidhaa, uzito, namba ya kasha na namba ya lakiri havihitaji tafsiri. Tafsiri inahitajika pale mambo yanapoharibika: afisa anapokataa hati, sababu ya kukataa huandikwa kwa lugha ya ofisi, ilhali dereva na wakala wake huzungumza Kiswahili kuanzia Mombasa hadi Butembo. Mwaka 2021 wakuu wa nchi waliamua Kiswahili kiwe miongoni mwa lugha rasmi za Jumuiya. Orodha fupi ya sababu za kukataa hati, iliyosanifiwa kwa Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa na kupewa namba, ni kazi ambayo wanaisimu wangeweza kuimaliza bila kusubiri mkataba mpya.

Siku mtandao unapokatika

Kila mpango wa hati za kielektroniki hupimwa siku ambayo ofisi ya mpakani inasema hakuna mtandao. Kwa sasa siku hiyo hasara ni ya dereva na mwenye mzigo. Mwenye meli huendelea kuhesabu siku za kasha lake, tairi haligeuki, na afisa hana kosa kwa kuwa mfumo si wake. Ndiyo maana wasafirishaji wenyewe, wanaolalamikia karatasi kuliko mtu yeyote, huwa wa kwanza kuichapisha.

Wajibu wa kupokea hautakuwa na maana usipoeleza jambo la kufanya siku hiyo. Kanuni ya Jumuiya ingeweza kuweka muda, mathalani saa mbili, ambao ukipita mfumo ungali kimya, lori lenye lakiri nzima huandikwa katika daftari la kituo na kuruhusiwa kuendelea, na afisa hukamilisha kumbukumbu mtandao ukirudi. Muda wa kukatika ungeandikwa na mfumo wenyewe, ili afisa asishukiwe kuuzima kwa makusudi wala kuadhibiwa kwa kuruhusu. Pingamizi litakalotolewa ni kwamba wakwepa kodi wataisubiri saa hiyo. Lakini lakiri iliyo kwenye kasha hutumia mtandao wa simu, si wa ofisi ya mpakani. Huendelea kuonesha lori lilipo, na anayetaka kulikagua atalikuta barabarani kabla halijafika bohari.